Kobalti ya Udongo na Kobalti ya Damu

Kila mwaka, siku ya Jumatano ya Majivu, padre atutia majivu kichwani na kutukumbusha ya kuwa sisi ni mavumbi. Hapa Kolwezi hakuna haja ya kutuambia mara mbili. Wakati wa kiangazi vumbi la malori ya madini laingia katika nguo, katika sufuria na katika kitabu cha Misa. Sakristani hupangusa altare asubuhi, na saa sita mtu aweza kuandika jina lake juu yake kwa kidole. Basi mwaka huu, katika mafundisho ya wakatekumeni, kijana mmoja anayeosha mawe mtoni aliuliza: "Mwalimu, sisi ni vumbi gani? Ni hili letu lenye kobalti?" Wenzake wakacheka. Mimi nilimjibu ya kwamba ndiyo, kobalti imo mwilini mwa kila mtu, lakini ni kidogo sana, tena haikuingia kwa njia anayoifikiri. Jibu hilo halikutosha kwa saa moja ya mafundisho, wala halihusu vijana wa mtoni peke yao. Lahusu sahani ya mtoto na tumbo la mama mja mzito. Kwa hiyo naliandika hapa kwa utaratibu.

Tuanze na seli. Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona, navyo vyaitwa seli. Kila seli ni kiwanda. Haingoji kuletewa kila kitu tayari kutoka nje, bali yavunja chakula tunachokula, yachukua vipande vyake, na kuvijenga upya kuwa mtu. Ndiyo maana mtoto akila kuku hageuki kuwa kuku. Kati ya vitu vinavyojengwa humo, viwili ni vya msingi kupita vyote. Cha kwanza ni asidi amino, matofali ambayo kwayo protini zote zafanywa: nyama ya mkono, ngozi, nywele, na damu. Cha pili ni nyukleotidi, yaani herufi ambazo kwazo seli huandika maagizo yake yote, katika uzi mrefu uitwao DNA.

Aina za matofali ni 20. Seli ya mtu yaweza kujitengenezea 11 kati ya hizo. Namna gani? Mama akipika bukari, wanga wake humeng'enywa kuwa sukari, na sukari huvunjwa ndani ya seli ili kutoa nguvu. Katika kuvunjwa huko, hatua kwa hatua, hubaki vipande vidogo vya kaboni. Seli yachukua kipande kimoja kama fundi achukuavyo kiunzi cha mti, na juu yake yabandika nitrojeni iliyotolewa katika asidi amino nyingine. Kipande kimoja chawa alanini, kingine chawa aspati, kingine glutamati, kingine serini. Na kutoka serini yapatikana glisini. Kazi hiyo yafanywa na vimeng'enya, nayo haichoki mchana wala usiku, hata tukiwa tumelala.

Lakini kuna aina 9 ambazo viunzi vyake seli yetu haiwezi kuvichonga kabisa. Majina yake ni magumu, nami nitataja machache tu yatakayotufaa: lisini, triptofani na methionini. Mimea yaweza kuzitengeneza zote, na bakteria nyingi pia. Sisi hatuwezi. Mtu aweza kuwa na bukari ya kujaza gunia, na kama lisini haimo, seli haitaitengeneza kwa nguvu wala kwa ujanja. Tena protini haijengwi nusu. Herufi moja ikikosekana katika orodha ya matofali, kazi yasimama hapo hapo, na matofali mengine yaliyokuwa tayari huvunjwa na kuchomwa kama kuni. Mtaalamu Mmarekani aitwaye William Rose ndiye aliyegundua tofali la mwisho kati ya hayo, threonini, mwaka 1935. Baadaye aliwalisha wanafunzi wake wa chuo kikuu cha Illinois chakula kilichopimwa, akiondoa aina moja moja ya asidi amino, ili ajue ni ipi ambayo mtu hawezi kuishi bila ya kuletewa.

Sasa tutazame sahani zetu. Bukari ya huku Katanga ni ya mahindi, na mara nyingi yachanganywa na unga wa mihogo. Mahindi yana protini kiasi, lakini lisini yake ni chache na triptofani yake ni chache. Muhogo karibu hauna protini. Maharagi yana lisini nyingi, ila methionini yake ni haba. Mahindi nayo yana methionini ya kutosha kidogo. Kila kimoja chapungukiwa na kile ambacho mwenzake anacho! Wazee wetu hawakujua jina la lisini, lakini bukari na maharagi katika nyumba moja ni hesabu iliyokamilika. Wala si lazima viwe katika sahani moja saa ile ile. Vikiliwa siku moja vyatosha. Sombe nayo yasaidia sana kwa lisini, mradi itwangwe na kuchemshwa vizuri, maana majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Mwili huondoa sianidi kwa kutumia salfa ya zile asidi amino zenye salfa, kama methionini. Katika Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu, watu waliokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila samaki wala nyama, walipooza miguu ghafula. Ugonjwa huo waitwa konzo, na daktari Trolli aliuandika tangu mwaka 1938.

Mtoto ndiye anayeumia kwanza, kwa sababu anajenga mwili mpya, wala si kutengeneza ule wa zamani tu. Mwaka 2016 wataalamu walitoa habari za watoto wa vijiji vya Malawi, mahali ambapo chakula ni mahindi kama kwetu. Waliwapima damu watoto waliodumaa na wale waliokua vema. Waliodumaa walikuwa na upungufu wa asidi amino zote 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Walikuwa wakila, tena wengine wakishiba. Hilo yafaa tulitie moyoni, maana twazoea kusema "mtoto ameshiba" na kufikiri neno limekwisha.

Kuna na ule ugonjwa wa kuvimba: mtoto ana miguu iliyojaa maji, nywele zake zimekuwa nyekundu na nyepesi, ngozi yachubuka, naye hataki kucheza. Bibi daktari Cicely Williams aliuandika mwaka 1933 huko Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, kisha mwaka 1935 akaueleza kwa jina lake la kienyeji, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wataalamu waonyesha ya kuwa hautoki kwa upungufu wa protini peke yake; maambukizi na mambo mengine yamo. Lakini uji wa unga mtupu ndio mlango wake. Nalisema wazi kwa kuwa nimesikia maneno mabaya katika vigango. Mtoto akivimba namna hiyo, wengine wasema amerogwa. Na wengine, Mungu awasamehe, wamgeukia mtoto mwenyewe na kumwita mlozi, wakampeleka kwa watu wa kumfungisha chakula siku tatu ili pepo atoke. Kumnyima chakula mtoto ambaye seli zake zimesimama kwa kukosa matofali! Mahali pake ni kituo cha afya, siku ile ile, kwa sababu mtoto aliyevimba aweza kufa kwa haraka, hata chakula chake cha kwanza yafaa kitolewe kwa kipimo.

Sasa twende kwenye herufi. Nyukleotidi hutajwa kwa herufi nne: A, G, C na T. Kila seli inapogawanyika kuwa mbili yapaswa kunakili maagizo yake yote, karibu jozi bilioni 6 za herufi. Herufi hizo hazitoki sokoni. Karibu zote seli yazitengeneza yenyewe au yazikusanya kutoka kwa herufi za zamani zilizovunjika. Na yatumia nini? Yatumia yale matofali tuliyoyataja. Glisini nzima yaingia katikati ya herufi A na G, glutamini na aspati zatoa nitrojeni, na hewa ya kaboni tunayoitoa puani yatoa kaboni moja. Jambo hilo liligunduliwa kwa msaada wa njiwa. Katika miaka ya 1940 Mmarekani John Buchanan na wenzake waliwalisha njiwa chakula ambacho kaboni na nitrojeni yake ilikuwa imetiwa alama, kisha wakachunguza kinyesi chao cheupe, mahali ambapo njiwa hutoa kitu kinachofanana na herufi hizo. Hivyo wakajua kila kipande kimetoka wapi. Nafurahi kila nikikumbuka ya kwamba siri kubwa kama hiyo ilipatikana katika mavi ya njiwa.

Herufi T yahitaji jambo moja zaidi. Seli yatengeneza kwanza herufi nyingine inayofanana nayo, iitwayo U, kisha yaongeza juu yake kipande kimoja kidogo cha kaboni. Kipande hicho chaletwa na mchukuzi aitwaye folati, vitamini iliyomo katika majani mabichi, maharagi na ini. Mchukuzi asipofika, hakuna T. Na bila T hakuna DNA mpya. Na bila DNA mpya seli haigawanyiki. Yakua tu na kuwa kubwa, kama mtu aliyenenepa mahali pamoja bila kuzaa.

Ni wapi mwilini hayo yanaonekana kwanza? Ni katika uboho wa mifupa, mahali ambapo damu hutengenezwa. Chembe nyekundu ya damu yaishi siku 120 hivi, kisha yafa, kwa hiyo mwili wapaswa kutengeneza karibu milioni 2 kila sekunde. Kiwanda chenye haraka namna hiyo hakiwezi kungoja herufi. Huko Bombay, India, kuanzia mwaka 1928, daktari Mwingereza Lucy Wills aliwachunguza wanawake waja wazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliokuwa na damu chache na chembe kubwa kupita kiasi. Mwaka 1931 alionyesha ya kuwa wanapona wakila hamira iliyotengenezwa kwa namna fulani. Dawa iliyokuwamo baadaye ikajulikana kuwa folati.

Lakini kulikuwa na ugonjwa mwingine wa damu unaofanana na huo, ambao huumiza na mishipa ya fahamu pia: ganzi miguuni, kuyumba, kusahau. Zamani wagonjwa wake walikufa wote. Mwaka 1926, mjini Boston, madaktari Minot na Murphy waliwaponya kwa kuwalisha ini la ng'ombe, karibu robo kilo kila siku. Walipata tuzo ya Nobel mwaka 1934 pamoja na mwenzao Whipple. Ndani ya ini kulikuwa na nini? Watu waliitafuta dawa hiyo zaidi ya miaka 20. Mwaka 1948, Marekani na Uingereza karibu wakati mmoja, waliipata: fuwele ndogo nyekundu. Wakaiita vitamini B12. Walipozichoma na kuzipima wakakuta ndani yake kitu ambacho hakuna aliyekitazamia katika chakula cha mwanadamu, yaani kobalti. Mwaka 1956 Bibi Dorothy Hodgkin wa Oxford, aliyezaliwa Cairo, Misri, alikamilisha mchoro wake wote kwa kutumia miale ya X. Chembe moja ya kobalti yakaa katikati, imezungukwa na nitrojeni pande zote, kama jiwe la pete lililoshikwa na dhahabu yake. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1964.

Jina lenyewe "kobalti" lina historia. Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani walipata mawe yaliyofanana na ya fedha, lakini wakiyachoma yalitoa moshi wa sumu wala hapakupatikana fedha. Wakasema ni kazi ya pepo wa mashimoni aitwaye kobold. Kijana wa Kolwezi aliyepoteza rafiki yake katika shimo lililobomoka asingewashangaa.

Kobalti hiyo yafanya nini ndani ya damu? Nitatumia mfano wa barabara yetu. Sote twajua Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na foleni ya malori inayongoja kwa siku nyingi. Folati ni kama malori hayo. Baadhi ya folati hupakiwa mzigo wa kaboni wa namna moja ambao hayawezi kuushusha yenyewe. Kobalti iliyo katikati ya B12 ndiyo inayoupokea mzigo huo na kuupitisha kwa kitu kingine kiitwacho homosisteini, nacho chageuka kuwa methionini, yule yule tuliyemtaja kati ya wale 9. (Seli hairuki sheria hapo. Kiunzi kilitoka katika methionini ya chakula. Kobalti yasaidia kukirudisha tu baada ya kutumika.) Basi mzigo ukishushwa, lori ni huru kurudi kubeba kaboni ya herufi T. B12 ikikosekana, malori yote yasimama mpakani yamejaa mzigo. Folati imo mwilini tele, lakini hakuna hata moja iliyo huru. Damu yapungua kana kwamba folati haipo.

Na kiasi chake? Mtu mzima ahitaji maikrogramu 2.4 za B12 kwa siku. Mwenye penseli na ahesabu: gramu moja ingemtosha mtu mmoja zaidi ya miaka 1,100. Tena katika B12 hiyo kobalti ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wote. Nchi yetu yatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yatoka hapa Lualaba. Kobalti iliyo katika B12 ya damu na maini ya wakaaji wote wa Kolwezi haijazi ndoo moja.

Ndipo twarudi kwa swali ambalo mtu mwenye akili atauliza. Ikiwa mwili wahitaji kobalti, na kobalti imo katika maji yetu, mboga zetu na vumbi letu, je, hatuipati bure? Hapana. Seli ya mtu haijui kuijenga ile pete inayoishika kobalti. Hakuna mnyama ajuaye, wala mmea. Kazi hiyo yenye hatua karibu 30 imewekwa na Muumba katika mikono ya bakteria na ndugu zao wadogo peke yao. Ng'ombe hula majani, bakteria walio katika tumbo lake la kwanza huchukua kobalti ya majani na kutengeneza B12, na ng'ombe huinyonya katika utumbo unaofuata. Sisi pia tuna bakteria kama hao, lakini wakaa katika utumbo mpana, mwisho wa safari, baada ya mahali panaponyonya B12. Kwa hiyo twaingojea kwa wanyama: ini, nyama, samaki, mayai, maziwa.

Huko Nakuru, katika Bonde la Ufa la Kenya, ng'ombe wa walowezi walikonda na kufa katikati ya majani mengi. Ugonjwa huo uliitwa kwa jina la mji wenyewe, Nakuruitis. Baadaye ikajulikana ya kuwa udongo ule uliotokana na majivu ya volkeno haukuwa na kobalti ya kutosha, na bakteria wa tumboni hawakuwa na kitu cha kujengea. Walipopewa kobalti kidogo sana walipona. Ng'ombe wa Nakuru walikufa kwa kukosa kile ambacho huku kwetu chafunika mabati.

Hata maharagi yana deni kwa kobalti. Katika mizizi yake mna vinundu, na ndani ya vinundu bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuifanya iwe chakula cha mmea. Bila nitrojeni hiyo maharagi yasingekuwa na lisini ya kutupa. Bakteria hao wahitaji kobalti kwa ajili ya B12 yao. Na katika vilima vya Katanga vyenye madini kuna mmea mdogo wa jamii hiyo ya maharagi, wenye maua ya manjano, unaoota juu ya udongo wa kobalti mahali ambapo mimea mingi hufa. Wataalamu wameupa jina la Crotalaria cobalticola, yaani mkaaji wa kobalti. Watafuta madini waliutumia kuwa alama. Kilima kikichimbwa, nao huondoka.

Sasa kobalti ya vumbi, ile isiyoshikwa na pete yoyote, yafanya nini ikiingia mwilini kwa wingi? Hapo nawaomba akina baba na akina mama wanisikilize. Mwaka 2014, hapa mjini, katika mtaa wa Kasulo, watu waligundua madini chini ya nyumba zao. Mtaa wote ukageuka machimbo: shimo sebuleni, shimo jikoni, mifuko ya mawe mbele ya mlango, watoto wakicheza juu yake. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, waliwapima wakaaji 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, na kuwalinganisha na watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Habari zao zilitolewa mwaka 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo na damu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Tena katika mkojo wa watoto waliona alama za DNA iliyodhurika: zile herufi G ambazo zimeunguzwa na oksijeni mbaya, ambazo seli huzikata na kuzitupa.

Tazama basi. Kobalti ile ile ambayo ikishikwa mahali pake yasaidia kuandika herufi, ikiwa huru na nyingi yaandamana na kuunguzwa kwa herufi. Na mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi ulionyesha ya kuwa watoto waliozaliwa na kilema walikuwa na baba wanaofanya kazi ya madini kwa wingi kuliko watoto wengine. Haukusema kila mchimbaji atazaa kilema. Usiwatie watu hofu bure, wala usimcheke mtu kwa mtoto wake. Wasema tu ya kuwa jambo hilo lapasa kuangaliwa. Baba atokaye shimoni aweza kuvua nguo za kazi nje, kuoga kabla ya kumbeba mtoto, na kuacha mfuko wa mawe mbali na chumba cha kulala. Mtoto asitumwe kutwanga wala kuchekecha mawe, hata kama fedha yake ndiyo inayonunua unga jioni. Najua nasema neno gumu kwa nyumba nyingine, maana nazijua nyumba hizo.

Kwa akina mama waja wazito nina maneno mawili. Kituo cha afya hutoa vidonge vya chuma na folati, na wengine huvitupa kwa sababu vinaleta kichefuchefu. Folati ndiyo inayowapa uboho wao na uti wa mgongo wa mtoto herufi T katika majuma ya kwanza, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Kituo hutoa pia dawa ya Fansidar ya kuzuia malaria. Dawa hiyo yafanya kazi kwa ajabu: kijidudu cha malaria kimo ndani ya chembe ya damu, chaiba herufi A na G kutoka kwetu kwa kuwa hakiwezi kuzijenga, lakini folati chajitengenezea chenyewe, Fansidar humzuia mchukuzi huyo, na kijidudu hukosa T. Kwa sababu hiyo folati ikizidi sana yaweza kuishinda dawa. Kidonge kidogo cha miligramu 0.4 hakina neno. Kile kikubwa cha miligramu 5 kinachouzwa dukani kisiliwe pamoja na Fansidar bila kumwuliza mwuguzi.

Neno la pili ni la B12. Ini la mtu mzima huiweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mama aweza kula bukari na sombe tupu muda mrefu asione kitu. Mtoto anyonyaye hana akiba hiyo. Maziwa ya mama aliyepungukiwa nayo yapungukiwa, na baada ya miezi michache mtoto huanza kulegea na kuacha kucheka. Vidonge vya folati peke yake haviponyi hapo. Vyaweza hata kurudisha damu huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika.

Nyama ya ng'ombe ni ghali, na ini siku hizi latafutwa na wenye hoteli. Lakini kopo dogo la ndakala lina B12, lina lisini, lina methionini. Mama mwenye mtoto wa miezi saba akaange kiganja kimoja bila chumvi nyingi, akitwange mpaka kiwe unga, na akikoroge katika uji. Kichwa na matumbo visitupwe. Ini la samaki limo humo.